Kutazama Garimoshi Si Uvivu: Reli ya Eastlands na Kazi Inayomngoja Mwanakiswahili

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wasomi na wasio wasomi kwamba kusimama kando ya reli na kutazama garimoshi likipita ni shughuli ya mtoto, ya mtalii, au ya mtu aliyekosa la kufanya. Mtoto wa Makadara husamehewa akipunga mkono. Mtalii husamehewa kwa kuwa ana pesa na likizo. Lakini mtu mzima wa Buruburu au Umoja akionekana na kamera na daftari karibu na tuta la reli huulizwa anatafuta nini. Makala hii inashikilia kwamba swali hilo lina jibu, na kwamba jibu lenyewe linawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili pengine kuliko linavyowahusu wahandisi.

Penginepo duniani mtu wa aina hii ana jina na hadhi yake. Nchini Uingereza, Ian Allan, kijana aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni ya reli ya kusini, alichapisha mwaka 1942 kijitabu chenye orodha ya injini za kampuni hiyo, na kwa miaka mingi baadaye watoto wa shule walijaa kwenye majukwaa ya stesheni wakipiga mstari chini ya kila nambari waliyoiona kwa macho yao. Wajapani wamekwenda mbali zaidi. Wanalo neno la mtu apendaye kuzipiga treni picha, toritetsu, na jingine la yule apendaye kuzipanda, noritetsu. Kiswahili, lugha yenye majina tele ya mitego ya samaki na ya sehemu za jahazi, hakijampa mtu huyu jina lililokubalika. Katika makala hii ataitwa mpenda-reli, mpaka atakapotokea mwenye neno zuri zaidi, na bila shaka atatokea, maana wanaisimu hawana uhaba wa maneno ya kupendekeza.

Kwamba Nairobi ni mtoto wa reli si habari mpya. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, reli ikafika kwenye tambarare hii yenye majimaji mnamo Mei 1899, na Desemba 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 miongoni mwao wakafia kazini. Hayo yamo katika vitabu vya shule. Kinachosahaulika ni kwamba upande wa mashariki wa mji una deni kubwa zaidi kwa reli kuliko upande mwingine wowote. Muthurwa, Makongeni na Land Mawe ilijengwa ili iwe makazi ya wafanyakazi wa reli. Mitaa mingine ya Waafrika iliyofuata, kuanzia Pumwani miaka ya 1920 hadi Kaloleni miaka ya 1940, ilipangwa upande huo huo wa stesheni, karibu na karakana na maghala, mbali na vilima vya magharibi walikojengewa wakubwa. Aliyetaka kujua nani ni nani katika Nairobi ya wakati huo alihitaji tu kuuliza mtu analala upande gani wa stesheni.

Hata majina yanashuhudia. Kariokor ni matamshi ya wenyeji ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, sawasawa na Kariakoo ya Dar es Salaam. Barabara ya Landhies na mtaa wa Land Mawe hubeba neno lililokuja na watu wa Bara Hindi, landhi, lililotumiwa kwa safu za nyumba za vibarua wa reli. Landi za mawe zikawa Land Mawe, na leo mgeni asomaye kibao hudhani ni Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali. Inatosha apande matatu ya Barabara ya Jogoo na kusoma majina ya vituo.

Mpenda-reli anayetaka kuifuata reli ya Eastlands kwa siku moja hawezi kuifuata kwa treni yenyewe. Treni za abiria wa mjini huingia katikati ya jiji asubuhi na kutoka jioni, kwa sababu zimepangwa kwa ajili ya mtu aendaye kazini na kurudi nyumbani. Katikati ya siku stesheni hunyamaza. Kwa hiyo msafiri huyu hutegemea barabara: matatu, kisha miguu, kisha matatu nyingine, akiikuta reli hapa na kuipoteza kule, kama mtu anayefuata mto uliofichwa na vichaka.

Mahali pazuri pa kuanzia alfajiri ni Makadara. Hapa ndipo njia zinapogawanyika. Moja huendelea kuelekea Athi River na hatimaye Mombasa. Nyingine hupinda kaskazini mashariki kupitia Mutindwa na Dandora kwenda Mwiki, Githurai, Kahawa na Ruiru, kisha Thika na mpaka Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Asubuhi moja tu Makadara humwonyesha mtazamaji historia yote ya karibu ya reli hii. Huweza kupita treni ya mabehewa ya zamani ikivutwa na injini ya dizeli, abiria wamesimama milangoni. Huweza pia kupita gari la kisasa zaidi lenye injini ndani ya behewa lenyewe, mojawapo ya yale yaliyonunuliwa Uhispania yakiwa yametumika, na yaliyoanza kufika Kenya mwaka 2020. Magari hayo yaliwahi kubeba abiria wa kisiwa cha Mallorca. Yaliweza kuletwa Nairobi kwa sababu moja ya kiufundi ambayo wengi hawaifikirii: reli za kisiwa kile zina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, kama zilivyo hizi walizotandika vibarua wa mwaka 1899. Uamuzi wa karne ya kumi na tisa ndio ulioamua mkazi wa Dandora atapanda gari gani katika karne ya ishirini na moja. Mtu asiyesimama kando ya reli na kupima kwa macho hawezi kuligundua jambo hilo. Atasoma tu gazetini kwamba serikali imenunua treni.

Kutoka Makadara, matatu ya Barabara ya Jogoo kisha ya Barabara ya Rabai humfikisha msafiri karibu na Mutindwa. Hapa reli hupita sokoni, au ni soko linalopita relini; si rahisi kusema lipi lilimkuta mwenzake. Viatu vya mitumba, nyanya, vyombo vya plastiki na mafungu ya sukumawiki hupangwa mpaka karibu kabisa na chuma. Hali hiyo hujirudia kwa kishindo zaidi kule Githurai. Honi inaposikika, mikono huvuta maturubai na vikapu bila haraka yoyote, garimoshi hupita, na kabla behewa la mwisho halijatoweka bidhaa zimekwisha kurudi mahali pake. Mpiga picha mgeni huona hapo kichekesho au hatari. Anayeijua lugha husikia zaidi ya hayo. Husikia wanavyoonyana, wanavyolitaja garimoshi lenyewe, wanavyohesabu muda kwalo. Mchuuzi wa namna hii huijua ratiba ya treni kwa masikio kuliko karani aijuavyo kwa karatasi, na maarifa yake hayajaandikwa popote.

Mbele ya Mutindwa reli huingia kati ya nyumba za Umoja, huikata Barabara ya Outer Ring, na kuelekea Dandora. Eneo hili halina mandhari ya kadi za posta. Hakuna twiga wala Bonde la Ufa. Kuna ghorofa zilizosongana, nguo zilizoanikwa, moshi wa jaa, na watoto wanaotembea juu ya mataruma wakitoka shule. Ndiyo sababu wapiga picha wa treni wanaokuja kutoka nje hupapita hapa wakiwa wamefumba kamera zao, wakiingojea Tsavo. Wana haki ya kuchagua wanachokipenda. Lakini uchaguzi wao ukishakusanywa vitabuni huwa ndio ukweli wa reli ya Kenya, na reli ya Kenya ikabaki kuwa chombo kinachopita porini pasipo watu.

Kuhusu reli mpya ya kisasa, hapana haja ya kusema mengi. Treni ya Madaraka Express ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na stesheni yake kuu ya Nairobi iko Syokimau, nje ya mitaa inayozungumziwa hapa. Upana wake ni milimita 1,435, kwa hiyo injini zake haziwezi kukanyaga reli ya Makadara hata zikitaka. Kamera zote za taifa zilikimbilia huko. Reli nyembamba ya zamani, inayobeba fundi, mlinzi, karani na mwanafunzi wa Eastlands, ilibaki pasi na wa kuitazama isipokuwa wale wanaoipanda.

Msafiri mwenye nafasi saa za mchana, wakati treni zimenyamaza, hufanya vyema kurudi mjini na kuingia Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo atakutana na injini nambari 5918, iitwayo Mount Gelai. Ni mojawapo ya injini 34 za jamii ya 59 zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, na hazijapata kutokea injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda juu ya reli ya upana wa mita moja. Uzito wake ulikuwa takribani tani 252. Siri yake ilikuwa katika umbo. Boila kubwa lilining'inizwa katikati, kati ya mafungu mawili ya magurudumu yanayojitegemea, tangi la maji likikaa mbele na mafuta ya kuchoma yakikaa nyuma, hata injini nzima ikaweza kujikunja kwenye kona kama jongoo badala ya kushindana nazo. Njia inayopanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600 Nairobi, kwa kona nyingi na reli nyepesi, haikuhitaji chini ya hapo. Za mwisho ziliondolewa kazini mwaka 1980.

Mwanafunzi wa Kiswahili atafurahia namna injini hizi zilivyopewa nambari. Tarakimu mbili za mwanzo hutaja jamii na mbili za mwisho hutaja injini yenyewe: 59 kisha 18, 30 kisha 20. Aliyezoea ngeli hatashangaa. Ukiijua jamii, umekwisha kujua idadi ya magurudumu, aina ya mzigo na njia inayofaa, kama vile kiambishi awali kinavyokwambia mapema sentensi itaendaje. Na majina yana jambo lake. Injini za jamii ya 59 zilipewa majina ya milima ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Gelai ni mlima wa kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Natron, na Shengena, uliolipa jina injini 5930 iliyomo makumbushoni humo humo, ni wa Upare. Injini 3020 huitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika la reli la pamoja likagawanywa vipande vitatu, mlima wa Upare ukajikuta umebaki Nairobi. Hakuna hotuba ya siasa inayoeleza kuvunjika kwa jumuiya ile kwa ufupi kuliko kibao hicho cha chuma, na mtu huhitaji kukisogelea ili akisome.

Hapa ndipo hoja ya lugha inapopata uzito. Msamiati wa reli katika Kiswahili ni jumba lililojengwa kwa mawe ya machimbo mengi. Gari lilitoka Bara Hindi. Stesheni, tikiti na injini zilitoka Uingereza. Hata hivyo maneno mawili muhimu kabisa yalitoka nyumbani. Behewa, kabla ya kuwa chumba cha treni, lilikuwa uwanda wa ndani wa nyumba ya mawe ya pwani. Taruma, kabla ya kulala chini ya reli, lilikuwa ubavu wa chombo cha baharini. Yaani Mswahili alipoliona joka la chuma kwa mara ya kwanza alilieleza kwa nyumba yake na jahazi lake, na maelezo hayo yakakaa. Neno garimoshi nalo limekuwa kaidi: mvuke ulikwisha mwaka 1980, jina likabaki, na hata Tanzania ilipozindua mwaka 2024 treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, wapo wanaoziita vivyo hivyo ingawa moshi wenyewe haupo.

Hayo ni maneno yaliyobahatika kuingia kamusini. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na toleo lake la 2004 hutosha kwa msafiri. Hazitoshi kwa mfanyakazi. Kile chuma kinachoshika behewa na behewa kiliitwaje Makongeni? Mtu aliyegeuza njia ili treni iingie upande wa karakana aliitwaje na wenzake, na alimtaniaje yule wa motoni? Injini iliyokuwa inasumbua mlimani ilipewa jina gani la utani? Watu wa makabila mengi, Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu na wengine, pamoja na mafundi wenye asili ya Kihindi, walifanya kazi moja kwa lugha moja waliyokuwa wakiitengeneza huku wakiitumia. Huwezekani kuwa Kiswahili hicho hakikuwa na istilahi. Kilikuwa nazo, nazo ziliishi vinywani mwa watu wanaostaafu, wanaohama na wanaozikwa. Wakazi wa Muthurwa walipoanza kuondolewa mwaka 2010 kesi ilifika Mahakama Kuu, na hukumu ya Agosti 2013 ikasema haki zao zilikiukwa. Mahakama huweza kutetea makazi. Haiwezi kumrudisha mzee aliyehamia kijijini na maneno yake.

Anayedai kwamba kazi hiyo imekwisha kufanywa atataja vitabu, na vipo. Permanent Way cha M. F. Hill kilitoka mwaka 1949, The Lunatic Express cha Charles Miller mwaka 1971, na Steam in East Africa cha Kevin Patience mwaka 1976. Ni vitabu vya thamani, na mpenda-reli asiyevisoma anajipunja. Lakini vyote viliandikwa kwa Kiingereza, na katika maandishi ya namna hiyo injini aghalabu hutajwa kwa jina na nambari ilhali aliyeiendesha na aliyeilisha moto huitwa wafanyakazi tu. Ni ajabu kwamba chuma kilipewa jina la Mnyaturu na Mnyaturu mwenyewe hakupewa. Lawama haiwaendei waandishi hao, kwani waliandika walichokiona kwa lugha yao. Inawaendea walioishi mita mia moja kutoka relini, wakasoma Kiswahili mpaka chuo kikuu, na hawakuandika hata ukurasa.

Wala haiwezi kusemwa kwamba nathari ya safari ni kitu kigeni katika lugha hii. Salim bin Abakari alisafiri Urusi na Siberia mwaka 1896, akaandika kwa Kiswahili aliyoyaona, na masimulizi yake yakatokea mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichokusanywa na Carl Velten. Mwaka ule ule reli ilipokuwa inaanza kutandikwa Mombasa, Mswahili alikuwa tayari ana ujasiri wa kuwaeleza wenzake nchi ya barafu. Aliyeweza kuieleza Siberia asishindwe na mjukuu wake kuieleza Dandora.

Pingamizi zipo, na si zote za kupuuzwa. Ya kwanza ni usalama. Mlinzi wa stesheni akimwona mtu anapiga picha humwuliza kibali, na baada ya shambulio la tarehe 7 Agosti 1998 dhidi ya ubalozi wa Marekani, uliokuwa hatua chache tu kutoka stesheni kuu ya Nairobi, hakuna mwenye haki ya kumcheka mlinzi huyo. Hata Ulaya mambo haya huleta balaa. Mnamo Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi 2 waliokuwa wakiandika nambari za ndege walikamatwa Ugiriki wakishukiwa ujasusi, wakatiwa hatiani Aprili 2002, na kuachiliwa na mahakama ya rufaa Novemba mwaka huo. Somo la kisa kile ni kwamba mtazamaji asiyejulikana ni mshukiwa. Mpenda-reli wa Eastlands hana budi kujulikana: aende na barua ya idara yake, ajitambulishe kwa mkuu wa stesheni, aombe ruhusa ya mchuuzi kabla ya kumpiga picha, na akikataliwa aweke kamera mfukoni na kushika kalamu. Daftari halijawahi kumtisha mlinzi yeyote.

Ya pili ni hatari yenyewe ya reli. Tarehe 30 Oktoba 2013 treni ya abiria iligonga basi katika kivuko cha reli karibu na Mutindwa, na watu wasiopungua 11 wakafa. Kuna watakaosema kwamba hiyo ndiyo sababu ya kutowapeleka wanafunzi mahali hapo. Hoja hiyo inaweza kugeuzwa. Kivuko ambacho hakuna anayekitazama ndicho kinachoua. Picha za kivuko kimoja zilizopigwa saa ile ile kila juma, pamoja na maelezo ya wanaokivuka, zingekuwa ushahidi ambao mhandisi, diwani na mwandishi wa habari wote wangeuhitaji. Ni kweli kwamba mtazamaji hapaswi kusimama kwenye tuta lenyewe wala kurudi nyuma akiwa ameweka jicho kwenye kamera; treni ya dizeli inayoshuka hutoa sauti ndogo kuliko inavyodhaniwa, na soko la Mutindwa lina kelele zake.

Pingamizi ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, nayo ni kwamba mwenye njaa hatazami treni. Huu ni mtazamo wa mtu asiyewajua wenye njaa. Watu wa Eastlands huzitazama treni kila siku ya kazi. Huzilaani zikichelewa, huzipangia biashara, huzitumia kuamshia watoto wa shule. Tofauti kati yao na mpenda-reli wa Japani ni kwamba hakuna aliyewaambia kuwa wanachokijua ni maarifa.

Kwa hiyo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vya Nairobi vingeweza kuanza bila kungoja ufadhili. Simu za mkononi sasa zina kamera zinazotosha kabisa, na nauli ya matatu kutoka mjini hadi Dandora haimshindi mwanafunzi. Wawili wapewe Makadara, wawili Mutindwa, wawili Dandora, na wawili wenye subira wapewe wastaafu. Kila picha iandikwe mahali, tarehe, saa, nambari ya injini na, pale mwenyewe aliporidhia, jina la aliyepigwa. Kila neno geni liandikwe pamoja na sentensi lililotumika na mtaa liliposikika. Wanaoshughulika na wastaafu wasianze kwa kuuliza istilahi, kwani mzee akiulizwa istilahi hutoa Kiingereza kwa heshima. Waanze kwa kuuliza siku injini ilipokataa kupanda. Na kwa wale wa picha, jambo moja dogo la manufaa: treni za jioni hufika Dandora jua likikaribia kuzama, na miezi ya Juni hadi Agosti mawingu ya Nairobi huwa mazito kiasi kwamba picha zote hutoka za kijivu. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuanza.